Hawe Hakumroga Katana

Ganda,
Jumapili, alasiri

Mwanangu Kadzo,

Umekwenda Kibarani kumuaga shangazi yako, na najua hutarudi kabla jua halijapoa, maana yule akianza kuusia hamalizi. Basi nimepata nafasi. Nimekaa barazani na daftari lako la zamani la hisabati, kurasa za nyuma ambazo hukuziandika, na kalamu ambayo nimeitikisa mara tatu ndipo ikakubali.

Sikuandikii habari za shuka na ndoo, wala jinsi ya kuishi na watu wa bara huko Eldoret uendako kusoma. Hayo umeshaambiwa na kila aliyepita hapa wiki hii, hata yule mama wa mahamri. Mimi nina neno moja tu, na nimelikalia miaka. Juzi tulipokuwa tukikuna nazi nilifungua mdomo nilitoe, ukanitazama, nikakuuliza kama umefua soksi. Ukacheka, ukasema mama siku hizi unazeeka.

Neno lenyewe ni hili. Hawe wako, mama yake babako, hakumroga kakako Katana. Ugonjwa uliomuua Katana ulitoka kwangu, katika damu yangu, na huenda na wewe nimekupa. Nimeliandika mapema kwa sababu najijua. Ningeliweka mwisho, karatasi ingekwisha kabla sijafika.

Sasa nikueleze. Wakati ule ulikuwa na miaka kumi na miwili, na unachokumbuka ni kile nilichokusimulia mimi.

Katana alianza kuumwa na kichwa asubuhi. Akiamka tu, kichwa. Akitapika kinatulia, anavaa sare anakwenda shule. Nikampa dawa za malaria, kwa sababu huku kwetu kila homa ni malaria na kila kichwa ni malaria. Halafu akaanza kwenda upande. Akitoka chumbani anajigonga bega mlangoni. Akishika kikombe kinamponyoka, nami nikamchapa. Nilimchapa mtoto mgonjwa, Kadzo, kwa ajili ya kikombe cha plastiki ambacho hata hakikuvunjika. Nikilala naiona ile sura yake, hakulia, alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe kama anauuliza kitu.

Hawe alimpenda yule mtoto kupita kiasi. Desturi yetu unaijua, mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake upande wa baba, kwa hiyo Katana alikuwa ndiye mumewe. Alimwita mume wangu mbele za watu, akimdai leso mpya, akimsuta kwamba ameoa wengine huko shuleni ndiyo maana hali kwake, na uani watu wanavunjika mbavu. Wewe ulikuwa somo wake kwa kuwa mna jina moja. Kichwa kilipozidi kumsumbua huyo mumewe, akawa anamkalisha mkekani na kumkanda utosi kwa mafuta ya nazi, akinong'ona maneno ya Kigiriama cha zamani ambayo sikuyapata vizuri. Asubuhi moja Hawe alipomaliza kumkanda, mtoto aliinuka, akapiga hatua mbili, akaanguka anatetemeka mwili mzima na povu mdomoni.

Mimi nilikuwa nimesimama na sufuria ya uji. Pale pale nikajua. Yaani nilidhani nimejua.

Unajua kwetu mvi ni kesi. Mzee mwenye kichwa cheupe na macho mekundu hatafutiwi shahidi, na macho ya Hawe yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni alizowapikia watoto wake, babako akiwamo. Na mama wa mtoto mgonjwa akisema neno kwenye kikao cha ukoo, neno lake lina uzito kuliko la wanaume kumi, kwa kuwa uchungu ni wake. Nililijua hilo. Hakuna aliyenisukuma. Tulikaa uani kwa babamkubwa wako, watu wakazunguka zunguka na maneno ya adabu, mimi nikasimama nikamwonyesha kidole mavyaa wangu, mtu aliyenipokea nilipoolewa, aliyenifunza kupika mboga ya mchunga nisiyoiweza, nikasema:

"Huyu ndiye anayemla mwanangu."

Yeye hakujitetea. Alinitazama, kisha akamtazama babako, na babako akatazama chini.

Baada ya hapo mambo hayakuwa mikononi mwangu, lakini hiyo nayo ni lugha ya mtu mwoga. Vijana waliezua makuti ya nyumba yake mchana kweupe. Babako alimpakia kwenye pikipiki kabla hawajafanya baya zaidi, akampeleka kule wanakohifadhiwa wazee waliokimbia makwao. Alipopita mbele yangu na kifurushi chake nilijifanya napeta mchele. Wewe ulikuwa mlangoni. Akakuita, "Somo," na wewe ukanitazama mimi kwanza, nami nikakutikisia kichwa, ukaingia ndani bila kumwamkia. Ulikuwa mtoto. Dhambi hiyo ni yangu, usiibebe hata siku moja.

Tukaenda kwa mganga. Alisema mchawi ameondoka lakini kazi yake imebaki, akamchanja Katana chale kwenye paji na kumfukiza, na tukapoteza karibu miezi miwili hivyo, mtoto anazidi kupinda, jicho moja linatazama kwingine. Siku aliposhindwa hata kusema vizuri, babako alimbeba mgongoni bila kuniuliza, wakaenda Kilifi hospitalini. Nikawafuata. Kilifi wakatutuma Mombasa akapigwe picha ya kichwa. Ilionyesha uvimbe ndani ya ubongo, ukubwa wa ndimu. Akapasuliwa, wakatoa walichoweza kutoa, na kipande kikapelekwa maabara.

Hapo ndipo daktari mmoja mwanamke, mtu wa bara, mpole, alipotukalisha mimi na babako akauliza kama kuna mtu katika koo zetu aliyekufa na saratani akiwa bado kijana. Babako akafikiri, akasema hapana, kwao hufa wazee. Kisha daktari akanigeukia mimi.

Sijawahi kukueleza habari za kwetu Mnarani, na hukuwahi kujiuliza kwa nini. Mama yangu alikufa na titi lililooza akiwa hajafika miaka arobaini. Kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, alivimba mfupa wa paja akiwa na miaka kumi na saba, na tulimzika kabla ya Krismasi. Wazee wa babako walipokuja kuniposa waliuliza, kama inavyoulizwa, kwenu mna maradhi gani. Baba yangu alikuwa ametuusia sote la kujibu. Mama alikufa na uzazi. Kaka alianguka kwenye mnazi. Nyumba yenye vifo vya namna ile nani angechukua binti humo? Nikaolewa na uwongo ule, nikaulea pamoja nanyi. Basi daktari aliponigeukia, babako kaketi bega kwa bega nami, nikamwambia:

"Hakuna, daktari. Kwetu ni wazima."

Aliandika. Niliitazama kalamu yake ikiandika.

Wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Kilio kilikuja, Katana akafa wiki sita baadaye, kitandani petu kwa sababu hakukuwa na la kufanywa tena, na bado mimi sikuumbuka. Niliendelea kuwa mama wa watu, nikashikwa mikono, nikapewa pole. Mkewe yule wa utani hakuitwa mazikoni. Nani angethubutu kumwita, na mimi nipo?

Miezi ikapita. Walikuwa wametutoa damu mimi na babako siku zile za hospitali, na majibu yalipokuja tukapigiwa simu. Babako hakupata ruhusa kazini kule kwenye mashamba ya chumvi, nikaenda peke yangu. Yule daktari alifunga mlango, akachukua karatasi, akanichorea. Nitakueleza kama alivyonieleza, wewe umesoma zaidi yangu, utaelewa.

Mwili ni chembe ndogo zisizohesabika. Chembe hujigawa ikawa mbili, ndivyo mtoto anavyokua na kidonda kinavyofunga. Ndani ya kila chembe kuna maagizo tuliyoyarithi, ndiyo jeni. Iko jeni moja ambayo kazi yake ni kusema basi. Chembe ikiharibika, jeni hiyo huizuia isijigawe mpaka itengenezwe, na isipotengenezeka huiamuru ife. Kila mtu huzaliwa na nakala mbili za jeni hiyo, moja ya mama na moja ya baba. Katana alizaliwa na moja mbovu. Ile nzima ilimtosha, ndiyo maana alicheza mpira, alikua, alikuwa akikushinda mbio. Kisha siku moja, katika chembe moja tu ya ubongo wake, ile nzima nayo ikapotea. Kuanzia hapo chembe ile haikuwa na wa kuizuia. Ikawa mbili, zikawa nne, na zote zilizozaliwa zilizaliwa bila mlinzi, na kila zilivyojigawa ziliharibika zaidi. Fuvu la kichwa halitanuki. Uvimbe ulipokua ulibana kila kilichokuwa humo. Ndiyo kile kichwa cha asubuhi, ndiyo kutapika, ndiyo bega mlangoni, ndiyo kikombe.

Nikamwambia ni kama shamba la mahindi lililowekewa walinzi wawili wa kufukuza nyani, mmoja mlevi toka siku ya kwanza. Akasema ndiyo mama, na siku yule mzima anapoondoka, hakuna anayejua. Nikamuuliza nani alimwondoa. Hilo ndilo lililokuwa swali langu, Kadzo, baada ya yote, bado nilitaka jina la mtu. Akasema hakuna mtu. Hutokea tu chembe zinapojigawa. Kisha akageuza karatasi, akasema kwa sauti ya chini:

"Ile nakala mbovu haikutoka kwa baba. Imetoka kwako, mama. Una mtoto mwingine?"

Nikasema ninaye mmoja, binti. Akaniambia kila mtoto niliyemzaa ilikuwa nusu kwa nusu, ama nimempa nakala nzima ama nimempa ile mbovu, na kwamba nikulete, upimwe, ili kama unayo uangaliwe mapema. Nikasema nitamleta. Niliikunja ile karatasi mara nyingi mpaka ikawa kama kidonge. Nyumbani nikamwambia babako wamesema ni bahati mbaya tu, haina sababu. Akakubali. Babako hukubali vitu.

Kabla sijatoka mle ndani nilimuuliza daktari pia kama ningesema kweli siku ile ya kwanza Katana angepona. Alinijibu bila kunibembeleza kwamba asingepona, uvimbe ulikuwa umeshakwenda mbali. Usidhani hilo linanifariji. Uwongo wangu haukumuua na kweli yangu isingemwokoa. Ulimi wangu huu ulikuwa na uwezo juu ya mtu mmoja tu, kikongwe aliyempenda Katana, na huyo ndiye niliyemmaliza. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nikivua nguo za watu wengine.

Ilinichukua miaka minne kwenda kumwona Hawe. Nilimkuta anachambua kunde kwenye ungo, amekuwa mdogo, vidole vyake bado vyepesi. Nikapiga magoti, nikamwamkia, akaitika marahaba kama vile niliondoka asubuhi. Nikamweleza yote, Mnarani, mama, kaka, karatasi ya daktari, tena nikamweleza kwa Kigiriama ili nisijifiche kwenye maneno ya hospitali. Alichambua zile kunde mpaka nikamaliza. Nilingoja anilaani. Ningependa anilaani. Alisema:

"Mimi nimeshakula chumvi nyingi, yangu yamepita. Somo wangu umemwambia?"

Nikasema nitamwambia. Akauliza lini. Nikasema akifunga shule. Akarudi kwenye kunde zake, na hakunisemesha tena mpaka nikaondoka. Masika yaliyofuata akafa. Uliposikia ulikwenda ukaketi nyuma ya jiko, nami niliogopa kukuuliza unawaza nini. Mazikoni nilimsikia mtu nyuma yangu akisema kumbe wachawi nao hufa, watu wakacheka kichinichini, na mimi niliyejua nikanyamaza. Mara ya pili, Kadzo. Mara ya kwanza nilikuwa mjinga. Ya pili sina jina la kuipa.

Jana nimemwambia babako. Hakunipiga wala hakunitukana. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama mama yake alijua kabla ya kufa, nikasema alijua, akachukua jembe akaenda shambani. Toka jana hajala chakula changu. Kwa hiyo ukimwona kimya usidhani ni kwa sababu ya safari yako.

Sasa wewe. Kipimo ni damu kidogo tu. Ukikutwa unayo hiyo nakala mbovu, haina maana umeshaugua. Mimi ninayo na ndiyo hivi nakuandikia. Lakini utahitaji kuangaliwa kila mwaka, matiti, kichwa, mwili mzima, na umwambie kila daktari kabla hajakupiga mionzi, maana mionzi kwetu ina madhara zaidi. Ukikutwa huna, basi umetoka, na watoto wako wametoka. Hayo ni maneno ya daktari, mimi nimeyashika kwa moyo. Sitakuambia upime, wala sitakuambia usipime. Mimi mwenyewe niliambiwa nirudi kila mwaka, nikarudi mara moja. Hofu ilinishika nikiwa kwenye benchi, nikaona afadhali nisijue, nikatoka kama naenda chooni. Ushauri wa mtu kama huyo una thamani gani?

Ila moja nitalisema kwa sababu nimelilipia. Akija mtu kukuposa, usingoje wazee. Mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla hajaleta hata kilo ya sukari. Akiondoka, ameondoka. Nimeishi miaka ishirini na mume mwema ambaye hakuwahi kunijua, na nakuambia ni upweke mbaya kuliko kukosa mume.

Mchungaji alituambia ni mapenzi ya Mungu. Siku hizi nasali kwa mazoea, midomo inakwenda, ndani hakuna kitu. Nikikuona unapita uani na beseni kichwani nakuchunguza unavyotembea, kama unakwenda sawa, kama bega linagusa mlango. Asubuhi ukichelewa kuamka nakuja nasikiliza kama unatapika. Miaka yote hii ulidhani nakuchunga na wavulana. Nakupenda kwa namna iliyooza kwa hofu, na sijui tena kupenda kwa namna nyingine. Natafuta la kukutia moyo nalo, na sina. Ningekuwa nalo ningekupa.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya sanduku lako, uikute huko Eldoret, nami niwe mbali. Ndivyo nilivyo. Nimebadili nia. Nitakupa mkononi jioni hii ukirudi, kabla hatujapakua, na nitaketi kwenye kiti cha mbele yako mpaka uimalize. Sitapeta mchele. Sitashika kazi yoyote.

Ukifika hapa, Kadzo, inua uso. Ni mimi niko mbele yako. Niite jina lolote utakalo, hata lile nililompa Hawe, na nitaitika.

Mamako